Kuchora, Kuchapa, Kupima: Printa ya 3D na Vifaa Tiba vya Zahanati Zetu

Mhadhara kwa wananchi, uliotolewa Ruaha Mbuyuni, Wilaya ya Kilolo, Mkoa wa Iringa

Mheshimiwa Mwenyekiti, Mheshimiwa Diwani, Mganga Mfawidhi pamoja na wauguzi wako, walimu, wazee wetu, akina mama mliofunga biashara ya vitunguu mapema ili mfike hapa, ndugu madereva na utingo mliopumzisha magari, nanyi wanafunzi mlioketi mbele: kamwene!

Mimi ni mhandisi wa vifaa tiba, na kazi yangu ni kufufua mashine za hospitali zilizokufa. Sikuja kuuza mashine wala kuisifia. Nina lengo moja: kuwaonyesha kwamba printa ya 3D inaweza kufupisha safari ya kipuri, na hata ya kifaa kizima cha tiba, mpaka kikafika kituo cha afya kilicho mbali na Dar es Salaam. Lakini itafanya hivyo kwa sharti kwamba anayechora kifaa anamjua mgonjwa atakayekitumia na mahali kitakapotumika, na kwamba kifaa kinapimwa mahali hapohapo. Printa mtu anaweza kuinunua kwa siku moja. Kazi ya kuchora na kupima haina duka.

Mnajua kuliko mimi yanayopita hapa. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Tunduma inapita katikati ya kijiji, na shehena za Zambia na za Kongo zinazofuata barabara hii zinavuka hapa kabla ya kuukabili Mlima Kitonga. Dawa zinapita. Mashine za hospitali ya rufaa Mbeya zinapita. Bohari ya Dawa ina maghala ya kanda Iringa na Mbeya, na magari yake mnayaona. Hata hivyo kitanda cha wodini kinaweza kukaa miezi kwa kukosa gurudumu moja, na hadubini ikafunikwa kitambaa kwa sababu kitasa cha kusogezea slaidi kimevunjika. Barabara haikosi magari. Tatizo ni kwamba kitu kidogo kama hicho hakina anayekiagiza, na kikiagizwa peke yake hakimlipi anayekileta.

Kabla ya hoja zangu, nieleze mashine yenyewe, maana wengine mmeisikia kwa jina tu. Printa ya 3D ya kawaida haitumii wino. Inachukua uzi wa plastiki, inauyeyusha kwenye ncha ya chuma yenye joto la nyuzi 200 hivi, kisha inautandaza kufuata mchoro uliomo kwenye kompyuta. Tabaka moja lina unene wa kama sehemu mbili za kumi za milimita. Likipoa, linawekwa jingine juu yake, kama fundi anavyopandisha ukuta tofali juu ya tofali, mpaka umbo linakamilika. Charles Hull wa Marekani alipata hataza ya mashine ya namna hii mwaka 1986, yake ikigandisha utomvu kwa mwanga. Hii ya uzi wa plastiki ilifuata miaka michache baadaye. Mwaka 2005 Adrian Bowyer, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, alianzisha mradi wa RepRap uliotoa michoro ya printa bure kwa yeyote, na hataza kuu ya uzi ilipoisha mwaka 2009 bei zikashuka kwa kasi. Ndiyo sababu leo kijana wa Kijitonyama, Dar es Salaam, au wa Nairobi anaweza kuunda printa yake mwenyewe.

Hoja ya kwanza: tuanze na mashine zilizolala

Mwaka 2011 watafiti wawili, Lora Perry na Robert Malkin, walichapisha hesabu ya vifaa tiba zaidi ya 112,000 kutoka nchi 16 zenye uwezo mdogo. Karibu asilimia 40 vilikuwa havifanyi kazi. Takwimu hii imekuwa ikitajwa kila mahali, lakini sababu walizozitoa hazitajwi sana: upungufu wa mafunzo, usimamizi dhaifu wa vifaa, na miundombinu. Naomba tuzishike sababu hizo, kwa kuwa zinatuonya mapema. Hakuna printa itakayoziba pengo la fundi asiyeajiriwa. Wala haitaondoa umeme unaopanda na kushuka mpaka ukaunguza mashine. Anayewaambia kwamba printa moja itaamsha wodi nzima hajakaa na mafundi wa hospitali.

Lililo ndani ya uwezo wake ni lile kundi la vitu vidogo: vitasa, klipu za stendi ya dripu, vifuniko vya betri, vishikio, magurudumu, viungio vya mipira ya hewa. Hata humo si kila kitu kinafaa. Ndugu zetu wa Kisumu wametangulia katika hili. Huko, watafiti waliounganishwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, walianzisha Kijenzi, mpango wa kuchapa vifaa karibu na vituo vya afya vinavyovihitaji. Ninachokithamini katika fikra yao ni mpangilio wa maswali. Kwanza kituo kinahitaji nini. Pili, je, kitu hicho kikichapwa kitahimili kazi? Tatu, je, hakipatikani dukani kwa bei nafuu zaidi? Swali la tatu wahandisi tunalisahau mara nyingi. Kama gurudumu la kitanda linapatikana Iringa mjini, nenda kalinunue.

Hoja ya pili: hadubini iliyochapwa nchini mwetu

Hapa naomba muda zaidi, kwa sababu huu ndio mfano wetu mkubwa, na Watanzania wengi hawaujui.

Uchunguzi wa malaria umesaidiwa sana na kipimo cha haraka, kile cha tone la damu na mistari miwili. Lakini kipimo hicho hakihesabu vimelea, na hakiwezi kumwonyesha mtaalamu bakteria wa kifua kikuu kwenye makohozi. Hadubini bado inahitajika. Nayo ni kifaa cha chuma kilichokatwa kwa usahihi mkubwa: reli, gia na skrubu zinazosogeza slaidi kwa upana mdogo kuliko unywele. Zikilegea, picha inayumba, na fundi wa kuzirudisha si rahisi kumpata.

Watafiti wa Uingereza, akiwemo Richard Bowman, walijiuliza kama kazi hiyo ya reli na gia inaweza kufanywa na plastiki inayopinda. Mwaka 2016 wakachapisha mchoro wa meza ya hadubini inayotoka kwenye printa ikiwa kipande kimoja. Haina reli hata moja. Ina vibapa vyembamba vya plastiki vinavyofanya kazi ya bawaba: ukizungusha skrubu, mkono wa plastiki unainama kidogo, na meza inasogea. Kwa kuwa bawaba hizo hazisuguani, hazilegei kama gia zinavyolegea. Mota ndogo za bei nafuu zikiunganishwa, meza inasogea kwa hatua zisizofika nanometa 100. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa kama nanometa 7,000. Wanafunzi, pigeni hesabu wenyewe: mashine ya plastiki inavuka chembe moja ya damu kwa hatua zaidi ya sabini. Nilipoiona mara ya kwanza niliomba izimwe na kuwashwa tena, nikitaka kuhakikisha kwamba macho yangu hayanidanganyi.

Mradi huo unaitwa OpenFlexure. Ulipohamia Chuo Kikuu cha Bath haukubaki Ulaya. Washirika wake walikuwa STICLab, warsha ya Dar es Salaam inayounda printa za 3D, na Taasisi ya Afya Ifakara, iliyozaliwa Ifakara kwa jirani zetu wa Morogoro na yenye maabara pia Bagamoyo. Hadubini zilichapwa na kuunganishwa Dar es Salaam, kisha zikapelekwa Bagamoyo kupiga picha za damu yenye vimelea vya malaria. Mwaka 2020, watafiti walipotoa makala yao kuu katika jarida la Biomedical Optics Express, zaidi ya hadubini 100 zilikuwa zimetengenezwa Tanzania na Kenya.

Sasa tuangalie kilichojificha nyuma ya mafanikio hayo. Lenzi haichapwi. Kamera haichapwi, wala mota, wala skrubu, wala ile kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inayoiendesha. Vitu hivyo bado vinasafiri. Tofauti ni kwamba havikutengenezwa kwa ajili ya hadubini ya kampuni moja: kompyuta hiyo na mota hizo zinatumika katika kazi elfu moja, kwa hiyo kikiharibika kimoja unabadilisha hicho tu. Kilichokuwa adimu zaidi, yaani mwili wa mashine na mwendo wake, ndicho kinachochapwa hapa.

Kisha kuna suala la skrubu. Mhandisi wa Bath akiishiwa skrubu ya urefu fulani, ataletewa kesho. Fundi wa Dar es Salaam huenda akazunguka Kariakoo siku nzima asiipate, au akasubiri mzigo wiki kadhaa. Basi mchoro unaotaka skrubu za urefu wa aina sita ni mchoro mzuri Bath na mchoro mbaya Dar es Salaam. Dawa yake ni kurudi kwenye mchoro na kuupunguzia aina za vifungio. Ndugu zangu, huu ndio utafiti wa ubunifu wa kihandisi ninaouzungumzia. Hauonekani kwenye picha za magazeti. Unafanyika meza ya nyuma, fundi akisema "hiki hakipo", na mchoraji akikubali kubadilisha mchoro wake.

Michoro ya hadubini hii imewekwa wazi, na leseni yake inaruhusu mtu kuitengeneza na hata kuiuza. Kwa hiyo mwalimu wa fizikia wa sekondari, akipata printa, hahitaji kumwomba mtu ruhusa.

Hoja ya tatu: mwili wa mtu hauna saizi ya dukani

Kuna vifaa ambavyo kiwanda hakiwezi kuvipatia saizi moja, na hapo printa ina nguvu yake ya asili. Barabara hii inatupa majeruhi. Bodaboda zinatupa majeruhi. Kisukari nacho kinakata miguu. Mtu aliyepoteza mguu anahitaji soketi, kile kikombe kinachopokea kigutu, na soketi lazima ifuate umbo la kigutu chake yeye. Njia ya kawaida ni kukizungushia plasta, kutoa umbo, kulijaza, kulichonga kwa mkono, kisha kuvuta plastiki ya moto juu yake. Ni kazi ya siku kadhaa. Mafundi wake wamefundishwa Moshi tangu mwaka 1981 katika chuo cha TATCOT, kilichotoa wataalamu kwa nchi nyingi za Afrika.

Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Toronto na shirika la cbm walianza majaribio katika hospitali ya CoRSU, Kisubi, kati ya Kampala na Entebbe. Kigutu kinapigwa picha kwa skana, umbo linarekebishwa kwenye kompyuta, na soketi inachapwa. Teknolojia hiyo, iliyoendelezwa baadaye na taasisi ya Nia Technologies, ilifika pia kwa mafundi wa Tanzania. Plasta imeondoka, na saa nyingi za kuchonga zimeondoka. Fundi hajaondoka. Ni yeye anayejua ni wapi mfupa usibanwe na ni wapi mkano chini ya goti unaweza kubeba uzito. Kompyuta haina vidole vya kubonyeza kigutu na kumwuliza mgonjwa kama anaumia. Nyayo na bomba la mguu bado ni vya kawaida, vya plastiki na chuma, na hakuna sababu ya kuvichapa.

Mfano mwingine ninaupenda zaidi, kwa sababu unawahusu watoto wachanga. Mtoto anayezaliwa na nyayo zilizopinda hutibiwa kwa njia ya daktari Ignacio Ponseti: plasta zinabadilishwa wiki baada ya wiki mpaka mguu unanyooka. Kisha huvaa viatu vilivyounganishwa kwa fimbo, miezi mitatu ya kwanza karibu kutwa nzima, halafu usiku mpaka afike miaka minne hivi. Visipovaliwa, mguu unarudi kupinda. Sasa fikirini mguu wa mtoto unavyokua. Kila baada ya muda anahitaji saizi nyingine, na mama yake yuko kijijini. Benjamin Savonen, John Gershenson na wenzao wametoa mchoro wazi wa kifaa hicho kinachoweza kuchapwa. Hapa haihitajiki mashine ya ajabu. Kinachohitajika ni mtu wa kupima mguu kliniki, kutuma vipimo, na kurudishiwa saizi inayofuata kabla ile ya kwanza haijambana mtoto.

Hoja ya nne: joto la bondeni, mvuke wa hospitali, umeme unaokatika

Mchoro uliofanikiwa Toronto unaweza kushindwa hapa kwa sababu ambazo kila mmoja wenu anazijua.

Plastiki inayotumika zaidi kwenye printa hizi huitwa PLA. Hutokana na wanga au sukari ya mimea kama mahindi na miwa, nayo huchapika vizuri. Lakini inaanza kulainika kwenye nyuzi 60 hivi. Dashibodi ya lori lililofungwa vioo kwenye jua la bonde hili inaweza kuvuka nyuzi hizo. Madereva, mnakubali? Basi gango la mkono la PLA likiachwa hapo saa za mchana litapinda. Huko juu Kilolo, kwenye ukungu na baridi, gango hilohilo lingedumu. Wilaya moja, na maamuzi mawili ya plastiki. Plastiki ya PETG inastahimili mpaka karibu nyuzi 80, na ABS inapita 100, ingawa kuichapa ni kugumu zaidi na moshi wake unahitaji chumba chenye hewa.

Kisha kuna kuua vijidudu. Hospitali husafisha vyombo vya upasuaji kwa mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121 au zaidi. PLA ikiingia humo inatoka imekuwa kitu kingine. Na hata plastiki inayostahimili joto ina mifereji midogo kati ya tabaka, ambamo uchafu hujificha. Kwa hiyo kifaa kilichochapwa kisiguse kidonda mpaka mtu awe amethibitisha namna ya kukisafisha. Hilo silisemi kwa woga. Nalisema kwa sababu maambukizi hayamjali aliyekuwa na nia njema.

Udhaifu mwingine uko ndani ya tabaka zenyewe. Kitu kilichochapwa huachana kwa urahisi kwenye mshono wa tabaka. Ndoano iliyochapwa ikiwa imelala inaweza kubeba dripu mwaka mzima, na ileile iliyochapwa ikiwa imesimama ikakatika wiki ya kwanza. Mchoro ni uleule na plastiki ni ileile. Fundi asiyefundishwa jambo hili ataichukia mashine bure.

Na umeme. Soketi au meza ya hadubini huchukua saa nyingi kuchapwa. Umeme ukikatika saa ya tisa ya uchapaji, kazi yote inatupwa, au inaendelea ikiwa na mshono dhaifu palepale iliposimama. Betri ya akiba ni sehemu ya mashine, na bajeti isiyo na betri haijakamilika.

Niongeze jambo la idadi. Mwaka 2020, wakati wa Uviko, karakana za 3D duniani kote, Nairobi na Kisumu zikiwemo, zilichapa ngao za uso kwa madaktari. Zilisaidia sana wiki zile ambazo bidhaa za viwandani hazikupatikana. Lakini fremu moja kwa saa si mwendo wa kuhudumia nchi, na viwanda vilipotengeneza kalibu vilitoa maelfu kwa bei ya chini. Printa ni ya kitu kimoja, cha kumi, labda cha mia. Cha elfu kumi tukiachie kiwanda.

Hoja ya tano: nani anabeba dhamana

Hii ni fupi, na ni nzito. Tangu mwaka 2019 mamlaka yetu ya dawa inaitwa TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na vifaa tiba vimo ndani ya jina lake na kazi yake. Vifaa hupangwa kwa madaraja ya hatari, kutoka A hadi D. Kitasa cha droo ya dawa na kibanio cha kitovu cha mtoto haviwezi kupewa uzito mmoja. Ushauri wangu ni kwamba kila karakana ya hospitali ianze na vitu visivyomgusa mgonjwa, iandike nani alichora, plastiki gani ilitumika, nani alipima na kwa uzito gani, na kipande kiwe na alama inayokirudisha kwenye daftari. Kikivunjika, tujue ni kipi na kwa nini. Karakana isiyo na daftari hilo mimi singeikabidhi hata stendi ya dripu.

Tuendako

Watu huniuliza kama kila zahanati inunue printa. Hapana. Zahanati ina muuguzi mwenye foleni ya akina mama, hana muda wa kusafisha ncha iliyoziba. Napendekeza karakana moja kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, Iringa na Mbeya, chini ya fundi wa vifaa tiba aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Kipande kilichochapwa usiku Iringa kinaweza kushuka Kitonga na basi la asubuhi. Barabara iliyotuletea majeruhi ituletee na vipuri.

Jiji la Mbeya lina bahati ambayo bado hatujaitumia. Lina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, MUST. Lina chuo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hospitali ya rufaa ya kanda, na kituo cha utafiti wa tiba cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Mwanafunzi wa uhandisi anaweza kutoka darasani na kufika wodini bila kulala njiani. Ningependa mradi wa mwaka wa mwisho wa mwanafunzi huyo uanzie wodini, kwa kukaa na muuguzi na kuona kinachomkwamisha, halafu ndipo afungue kompyuta. Michoro itakayotoka iwekwe wazi, na maelezo yake yaandikwe kwa Kiswahili, ili fundi wa Njombe au Sumbawanga asianze upya jambo lililokwisha kutatuliwa.

Na hapa Ruaha Mbuyuni, Mganga Mfawidhi, nina ombi moja lisilohitaji fedha. Kila kituo kiwe na orodha ya vitu vilivyovunjika: jina la kifaa, kipande kilichokosekana, vipimo vyake kwa rula, na picha mbili za simu, moja ya mbele na moja ya ubavuni. Orodha ya miezi mitatu kutoka vituo vya kata hii, ikiunganishwa na ya Ilula na ya Kilolo juu, itatuambia ni vipande gani vinavyokufa mara kwa mara, na hivyo tutajua cha kuchora kwanza. Mimi na wenzangu tuko tayari kuipokea na kuifanyia kazi. Wanafunzi wanaojua kutumia kalipa na waliopata nafasi ya kompyuta shuleni, jiandikisheni kwa mwalimu wenu wa fizikia kabla hamjatoka, tutaanza na hadubini ya maabara yenu ambayo nimeiona leo asubuhi.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimemaliza. Nakaribisha maswali, na ningeomba wauguzi waanze.